Kwaya ya Fizikia na Mchi wa Sombe

"Hiyo haiko kusoma," alisema mama. "Hiyo ni kuimba."

"Tunasoma kwa kuimba, Mama."

"Sawa. Na sombe itatwangwa kwa kuimba?"

Apolline alikuwa amesimama katikati ya ua, Élyse kulia kwake, Bienfait kushoto, wote watatu wakiwa wameweka mikono nyuma kama wanakwaya mbele ya mchungaji. Karibu na mlango wa jikoni, kinu kilikuwa kimejaa majani ya muhogo tangu mchana, na mchi ulikuwa umeegemezwa ukutani. Mama alikuwa ameshika kiuno kwa mkono mmoja. Majirani wote wa sehemu ile ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale walijua kwamba Mama Apolline akishika kiuno kwa mkono mmoja, mazungumzo bado yapo. Akishika kwa mikono miwili, yamekwisha.

"Mama Apolline, utusamehe," alisema Bienfait. Sauti yake ilikuwa imekuwa nzito mwaka ule, naye aliitumia kama mtu aliyenunuliwa baiskeli mpya. "Examen ni Jumamosi, siku ya posho. Tukifaulu, tutasoma Ruti."

"Ninajua Ruti. Kila siku munaniimbia Ruti."

Ilikuwa kweli. Shule moja ya bweni kule Ruti, pembezoni mwa Mbarara, ilikuwa imetangaza nafasi mbili kwa wanafunzi wa makazi ya wakimbizi waliokuwa wakiingia kidato cha tatu. Aliyefaulu mtihani wa fizikia angesoma bila kulipa ada, tena katika shule yenye maabara ya kweli. Kwenye shule yao ya Nakivale, maabara ilikuwa kabati moja, na ufunguo wa kabati lenyewe ulikuwa umepotea. Apolline aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Tayari alikuwa amechagua, kichwani mwake, kitanda cha juu karibu na dirisha.

Tatizo lilikuwa kukariri. Apolline alisoma ukurasa mara nyingi na ukatoka kichwani kama maji kwenye kikapu. Nyimbo, lakini, hazikutoka. Wote watatu waliimba kwaya kanisani tangu utotoni, na walijua nyimbo ndefu zenye beti nyingi bila kushika karatasi. Ndipo Élyse akasema, "Basi tuimbe fizikia." Sheria za mwendo wakazitilia mahadhi ya Krismasi. Shinikizo la maji likapata wimbo wa ubatizo. Jirani yao, mzee Yonatani, alikuwa akiitikia "amina" kutoka ng'ambo ya ua bila kujua kwamba anaitikia sheria ya tatu ya mwendo.

Wimbo mzuri kuliko zote ulikuwa wa nishati tuli, ile nishati ambayo kitu huwa nayo kwa sababu kimeinuliwa, ingawa bado hakijaanguka. Élyse, sauti ya kwanza, alianza: "Tungamo." Apolline, sauti ya pili, akaingia chini yake: "Mara mvutano." Bienfait akafunga kwa besi: "Kimo, kimo, kimo." Mara ya mwisho waliongeza haleluya, kwa sababu wimbo ulikuwa unaidai.

Mama aliwatazama, akashusha mkono kutoka kiunoni. "Leo nitatwanga mwenyewe. Lakini weye Apolline, siku moja hii kwaya yako itakushinda."

Akaanza kutwanga kwa hasira. Pu, pu, pu. Watatu wale walifurahi sana, maana sasa walikuwa na ngoma.

* * *

Alhamisi, Mwalimu Ahimbisibwe alisimama mbele ya darasa. Alikuwa mtoto wa mwanajeshi, amekulia kambi ya jeshi ya Mbarara, na Kiswahili chake kilikuwa kifupi kama amri.

"Apolline. Simama. Nishati tuli ya kitu nategemea nini?"

Apolline alisimama akiwa na uhakika mkubwa. Alifumba macho, akavuta pumzi, akasubiri.

Darasa zima likasubiri pamoja naye. Nje, mbuzi alilia. Apolline aliendelea kusubiri, na hapo ndipo jasho lilipomtoka, kwa sababu alitambua anachosubiri. Alikuwa anamsubiri Élyse aanze. Katika wimbo, sauti ya pili haianzi kamwe.

"Apolline, wewe nalala?"

"Mara mvutano," alisema Apolline kwa haraka. Kisha, kwa kuwa ulimi ulikuwa umezoea, "Haleluya."

Darasa liliangua kicheko. Mwalimu hakucheka. "Mara mvutano. Na mbele yake nini?"

"Mbele yake ni ya Élyse, Mwalimu."

"Ya Élyse? Élyse, simama."

Élyse alisimama. "Tungamo," alisema kwa sauti nyembamba nzuri.

"Halafu?"

"Halafu ninanyamaza, Mwalimu. Ninaingia tena kwenye haleluya."

Mwalimu Ahimbisibwe alimgeukia Bienfait polepole, kama mtu anayefungua mlango akijua kuna mbwa nyuma yake. "Na wewe?"

"Kimo, kimo, kimo," alisema Bienfait.

"Kwa nini mara tatu?"

"Ni besi, Mwalimu."

Mwalimu aliwaamuru waimbe pamoja. Waliimba vizuri mno, na mwishoni wanafunzi wawili walipiga makofi. Mwalimu alikaa kitini, akavua miwani, akaipangusa kwa shati.

"Sikia. Jumamosi mimi napeleka watoto tatu Ruti. Kule kila moja iko na meza yake. Mimi sipeleki kwaya. Kesho jioni mukuje kwangu, moja moja. Kila moja anieleze hii nishati na kitu ya nyumbani kwao. Hakuna kuimba. Nani anashindwa, nafasi yake nampa Mihigo."

Mihigo, aliyekuwa anasoma peke yake daima na hakuimba kitu, alikaa wima kidogo.

* * *

Walirudi pamoja hadi uani kwa kina Apolline. Hapo Bienfait akatoa mpango wake.

"Kwa Mwalimu tutaeleza moja moja, kama alivyosema. Lakini Ruti, tukae mstari mmoja. Tuimbe mdomo ukiwa umefungwa. Mmmm. Nani atajua? Élyse anaanza, Apolline anapokea, na miye ninamaliza."

"Hata mdomo haufunguki," alisema Élyse. "Hiyo haiko kusema."

Apolline alijua kwamba kuna jambo halijakaa sawa. Lakini alikumbuka kitanda cha juu karibu na dirisha. "Labda kwa lile swali moja tu," alisema.

Bienfait alidhani alikuwa amenong'ona. Sauti yake mpya haikuweza kunong'ona. Mama alitoka jikoni, na mikono yote miwili ilikuwa kiunoni.

"Bienfait, mtu anayechukua jibu la mwenzake mu examen anaitwa nani?"

Mama alijibu mwenyewe kabla Bienfait hajafungua mdomo.

"Anaitwa mwizi. Akifunga mdomo, ni mwizi amefunga mdomo. Élyse, Bienfait, muende kwenu. Kila mutu asome kwao, na asome yote. Apolline, muchi ule pale."

"Mama, nina kesho tu."

"Na sisi tuna leo tu ya kula. Twanga."

Apolline alishika mchi. Ulikuwa wa mti mgumu, mrefu kumpita, uliong'aa katikati kwa mikono ya miaka mingi. Kwa kuwa alikuwa na hasira na uvivu kwa pamoja, aliuinua kidogo tu na kuuacha. Pu. Aliuinua kidogo tena. Pu. Majani yalibaki yalivyo.

"Unayatwanga ao unayaamusha?" mama aliuliza kutoka jikoni. "Inua."

Aliuinua hadi usawa wa kifua. Majani yalianza kuvunjika. Aliuinua juu ya kichwa na kuuachia, mikono ikiuongoza tu. Paa. Maji ya kijani yakamrukia usoni. Apolline aliyapangusa, akasimama akiutazama mchi.

Hakuwa ameusukuma. Alikuwa ameuachia.

Aliujaribu tena, juu, na chini, na katikati. Kisha aliingia jikoni, akatoka na mwiko, akauinua kwa kimo kile kile na kuuangusha kinuni. Mwiko uliruka nje kama chura. Majani hayakujali.

"Apolline, huo ni mwiko wangu wa bugali."

"Mama, subiri. Ukitwanga, mkono unauma wakati gani? Ukiinua ao ukiachia?"

"Ukiinua. Hata mutoto mudogo anajua."

"Sasa ile nguvu ya kuinua, ikitoka mu mkono, inaenda wapi?"

"Miye inaniachia maumivu tu. Mambo ya wapi inaenda, uliza mwalimu wako."

"Inakaa kwenye mchi. Inangoja. Halafu mchi ukishuka, inatoka." Apolline aliongea kwa kasi sasa. "Mwiko umeinuka sawa, lakini ni mwepesi, basi umebeba kidogo. Mchi ukiinuka kidogo, umebeba kidogo. Na kinachouvuta chini ni dunia, siyo mimi. Tungamo, mvutano, kimo. Mama, yote matatu yako hapa."

"Na sombe iko hapa pia. Inangoja."

Apolline alimaliza kutwanga, akaulaza mchi chini, akajisemea kwa kuridhika: sasa umelala, nishati yake imekwisha, hauwezi kuanguka tena. Wakati huohuo, mbuzi wa Yonatani alipita akifuata harufu ya majani. Akaukanyaga mchi. Mchi ukabingirika taratibu, ukafika ukingo wa shimo la taka, ukatumbukia kwa kishindo.

Mama alitoka mbio. Alimkuta binti yake amepiga magoti ukingoni mwa shimo, akitabasamu.

"Muchi wangu uko mu taka na unacheka?"

"Ulikuwa chini, Mama. Lakini ulikuwa chini ya ua, siyo chini ya shimo. Kwa hiyo bado ulikuwa na kimo. Kimo kinategemea unaanza kupima wapi."

Mama alinyoosha kidole kuelekea shimoni. "Anza kupima humo ndani," alisema. "Shuka uutoe. Na uuoshe kwa sabuni."

* * *

Ijumaa jioni, Apolline alivuka mtaa wa Base Camp akiwa amebeba mchi begani na bakuli la majani mkononi. Mwanamke mmoja aliyekuwa anauza samaki wadogo wa ndagala alimpisha njia.

"Dada, nani amekukosea?"

"Ninaenda kwa mwalimu wa fizikia."

"Masikini mwalimu," alisema yule mwanamke.

Mwalimu Ahimbisibwe naye, alipofungua mlango na kuuona mchi, alirudi nyuma hatua moja. Ndugu zake wa kule Biharwe walitwanga karanga kwa mchi mfupi. Ule wa Apolline ulikuwa karibu urefu wa mlango. Apolline aliazima kinu kwa mke wa mwalimu, akaeleza akionyesha, bila wimbo hata mmoja, bila kufumba macho. Alipofika kwenye kimo kikubwa, mwalimu aliinama kuangalia vizuri, na shati lake jeupe likapata madoa ya kijani.

Mwalimu alijiangalia. "Hii nishati iko," alisema. "Sasa swali. Mchi nalala chini. Nishati yake ngapi?"

"Chini ya wapi, Mwalimu?" aliuliza Apolline. Kisha akasimulia habari za mbuzi na shimo la taka.

Mwalimu Ahimbisibwe alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. "Kesho, kabla ya jua. Wewe nakwenda. Hii mchi nabaki."

Élyse alifaulu kwa kueleza dumu la maji analobeba kichwani. Bienfait alieleza alivyoanguka kutoka kwenye mti wa fenesi, tawi la chini na baadaye tawi la juu, na tofauti aliyoisikia. Mwalimu alimkubalia kwa sababu alama ya tawi la juu ilikuwa bado kwenye goti.

* * *

Kule Ruti, chumba cha mtihani kilikuwa na meza zilizotengana, na msimamizi alikuwa Madamu Kyomuhendo, mama mrefu aliyetembea bila viatu vyake kutoa sauti. Apolline aligeuza karatasi. Maswali mengi aliyamudu. Swali la mwisho lilikuwa la nishati tuli: eleza inategemea nini, na utoe mfano wako mwenyewe.

Alikuwa ameshika kalamu aliposikia kutoka nyuma yake sauti nzito ya mdomo uliofungwa.

"Mmmm."

Bienfait. Alikuwa ameanza na sehemu yake, na sasa alikuwa anangoja wengine wamletee zilizobaki. Apolline aliisikia sauti ya pili ikimpanda kooni yenyewe, jinsi inavyopanda kila Jumapili. Ingekuwa sauti ndogo tu. Aliuma mdomo wa chini, akaandika: "Mchi wa mama yangu."

"Mmmm," ilisema besi tena, kwa huzuni zaidi. Élyse hakuitika.

"Nani naleta nyuki hapa?" aliuliza Madamu Kyomuhendo.

"Ni kifua, Madamu," alisema Bienfait.

"Hiyo kifua kuja kukaa na mimi hapa mbele."

Mchana, karatasi ziliposahihishwa, Madamu alimwita Apolline. Alikuwa ameweka kidole kwenye mstari mmoja. "Hii ya shimo na mbuzi, wewe nasoma kitabu gani?"

"Sikusoma, Madamu. Nilitwanga."

Madamu aliangalia mikono yake, ambayo ilikuwa bado na malengelenge. Alitoka nje, akasoma majina mawili mbele ya watoto wote waliokusanyika kutoka Nakivale na Oruchinga. La kwanza lilikuwa la Apolline. La pili lilikuwa la Élyse.

* * *

Jua lilikuwa bado halijazama walipofika nyumbani. Bienfait alikuja nao mpaka uani, akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Njia nzima ya kurudi hakuwa ametumia sauti yake nzito.

"Uliandika nini?" mama alimuuliza.

"Kimo."

"Tu?"

"Mara tatu, Mama Apolline. Zingine nilizijua jana kwa Mwalimu. Lakini nilipokaa kule nikaona hakuna haja ya kuzitafuta, wenzangu wako nazo."

Apolline alitaka kucheka, akaona macho ya Bienfait, akaacha. Alikaa chini karibu naye. "Nilikusikia," alisema. "Ningekujibu, tungefukuzwa wote watatu."

"Ninajua. Sikukasirika. Nimekasirika na besi."

Mama hakushika kiuno kwa mkono wowote. "Munisikilize," alisema. "Wimbo haukuwa mubaya. Hata miye sasa ninajua tungamo, na sikuomba kuijua. Ubaya ni kubeba kipande kimoja, na kuwaachia wenzako vipande vingine, halafu unasema umesoma. Soma yote mwenyewe, uelewe. Kisha imba na wenzako. Na jibu lisilo lako usiliguse, hata kwa pua. Bienfait, mwaka kesho kutakuwa tena na nafasi?"

"Mwalimu anasema ziko."

"Basi utaenda. Apolline ataondoka kwenda Ruti, na miye nitabaki na sombe bila mutwangaji. Weye umebaki na fizikia bila kwaya. Kila jioni utakuja hapa, utwange, unieleze somo moja, sauti zote tatu peke yako. Nikikosa kuelewa, unarudia."

"Ninaanza lini, Mama Apolline?"

Mama alikuwa ameshaugeuza mchi na kumwelekezea. Bienfait akanyanyuka kwenye kinu, Apolline akakisimamisha na kumimina majani.

Bienfait alitazama huku na huku kuona kama kuna mvulana njiani atakayemcheka kwa kutwanga, akashika mchi. Aliuinua kidogo.

"Unayaamusha?" aliuliza mama.

Akauinua hadi juu ya kichwa. "Tungamo," alisema kwa sauti nyembamba iliyopasuka katikati. Mchi ukashuka. "Mara mvutano." Ukashuka tena. "Mara kimo."

"Mara ngapi?"

"Mara moja, Mama Apolline."

Mchi ukashuka kwa kishindo, maji ya kijani yakamjaa usoni, na kutoka ng'ambo ya ua mzee Yonatani akaitikia amina.